Jiwe la Nne la Makao Makuu ya Buabua

Nchi ninayotaka kuwasimulia haipo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msihangaike kuitafuta. Mkiona inafanana na nchi ya mtu fulani, basi mtu huyo aseme mwenyewe. Haya hayakutokea zamani sana. Wengi waliohusika bado wanapokea mishahara, na ndege wenyewe bado wanaruka.

Mimi katika nchi hiyo ni fundi mwashi. Niliacha shule darasa la nne, baada ya mimi na mwalimu wa hesabu kukubaliana kwamba hatuna cha kuzungumza. Mafundi wengine hujenga nyumba. Mimi serikali huniita kujenga mawe ya msingi, yale ambayo mkubwa huja kuyavua pazia watu wakapiga makofi. Jiwe likishapigiwa makofi, kazi imekwisha. Ukisafiri nchini kwetu utaona jiwe la msingi la hospitali na nyuma yake mihogo, jiwe la msingi la soko na nyuma yake mbuzi. Wageni hudhani ni makaburi ya watu wenye vyeo, hupunguza mwendo na kuvua kofia.

Kazi hii ina desturi zake mbili. Ya kwanza, kila waziri mpya huweka jiwe lake, maana jengo la waziri mmoja haliwezi kusimama juu ya jiwe la waziri mwingine. Ya pili, jiwe au utepe ukishatajwa kuwa ni wa mkubwa zaidi, mdogo hagusi. Kule bara kuna daraja ambalo mtu mmoja alisema kwenye mkutano kwamba litafunguliwa na Mkuu wa Nchi mwenyewe. Daraja liko tayari, zuri kabisa, limefungwa utepe huku na huku. Wananchi wanavuka mto kwa mtumbwi, wanapita chini yake, wanalisifu. Desturi hizi hazijaandikwa popote, na ndiyo sababu zina nguvu kuliko sheria. Sheria kwetu hupotea ofisini.

Sasa niseme ukweli wangu. Nilikuwa nimechoka. Nimevuka miaka hamsini na sijawahi kufika kwenye linta ya jengo la serikali. Linta ni ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Fundi akifika hapo anajua nyumba imekuwa nyumba. Majirani waliniita Fundi Kisigino, kwa kuwa siku zote niko chini. Hata mke wangu, Mama Saumu, nikimwambia naenda kazini huuliza, "Leo unamzika waziri gani?"

*

Na huyu buabua naye ni nani? Ni ndege wa baharini, mweupe, mwembamba, mwenye kofia nyeusi kichwani na mkia uliogawanyika kama mkasi. Hajengi kiota. Hutaga yai moja au mawili juu ya changarawe tupu, na yai lenyewe lina madoadoa kiasi kwamba ukilitazama unaona jiwe. Dume humposa jike kwa kumletea samaki mdomoni. Akileta samaki mdogo, jike hugeukia upande wa pili. Wakishaelewana hukaa juu ya yai kwa zamu, mmoja akienda kuvua mwenzake anabaki, usiku kulitia joto na mchana kulitia kivuli, kwa sababu jua la kwetu likiliwahi yai peke yake linaliivisha pale pale. Kwa kushika zamu, hakuna ofisi ya umma inayomfikia.

Buabua yumo kwenye Ngao ya Taifa. Aliyemchora alikuwa mtu wa bara asiyewahi kuona bahari, akachora kuku, akampa jembe mguuni. Watoto wetu shuleni hukariri kwamba buabua ni ndege mchapakazi anayelima.

Zamani walikuwa wengi kwenye kisiwa kidogo cha Nyungwi. Walipoanza kupungua serikali ilishtuka, ikaamua kuwahifadhi. Kwanza ilipeleka bango kubwa lenye maneno TAFADHALI USIWASUMBUE NDEGE, na ili kulisimamisha walipasua mwamba wiki nzima. Halafu ikajengwa nyumba ya kupumzikia wataalamu, pamoja na jenereta na taa ili wataalamu wasijikwae. Ikafanyika semina ya wadau. Magunia ya mchele wa semina yalikuwa na panya ndani, na panya walikubaliana sana na mayai ya buabua. Wakaletwa paka wa kukamata panya. Paka nao walipima kazi ya kumkimbiza panya na kazi ya kulifuata yai lililotulia, wakachagua kama ambavyo wewe ungechagua. Ikafanyika semina ya paka.

Mwaka uliofuata buabua hawakurudi Nyungwi. Ofisini hakuna aliyeshtuka, kwa sababu kisiwa kilikuwa kimeshatangazwa kuwa salama.

Walihamia wapi? Walihamia mjini Mtambaani, ufukweni, kwenye kiwanja cha serikali kilichozungushiwa mabati, ambako kulitakiwa kujengwa Makao Makuu ya Hifadhi ya Buabua. Kiwanja hicho kilikuwa na mawe yangu matatu ya msingi, ya mawaziri watatu, na uwanja mzima wa kokoto zilizomwagwa na kusawazishwa tayari kwa ujenzi. Nondo ziliibwa mapema. Kokoto hazikuwa na mnunuzi. Baada ya hapo hakuingia mtu miaka nenda miaka rudi, kwa kuwa hakuna mahali patulivu nchini kwetu kama mradi wa serikali unaoendelea.

*

Mwaka juzi likatokea jambo la ajabu: jengo likataka kujengwa kweli. Wafadhili kutoka nje walikosea wakaleta saruji yenyewe badala ya fedha za saruji, na tingatinga lenyewe badala ya ahadi ya tingatinga. Vitu vikakaa hapo bandarini vinatutazama. Waziri mpya, Mheshimiwa Dokta Kalikawe, akatangaza kwamba siku ya Alhamisi ataweka jiwe la nne, na baada ya makofi tingatinga litaingia hapo hapo mbele ya wananchi na kuanza kuchimba msingi.

Niliitwa kujenga jiwe. Nikaambiwa kazi ya jengo zima ni yangu, mpaka paa. Mpaka paa! Nilibeba karai langu, mwiko na pimamaji, nikasukuma bati la lango na kuingia huku nikiimba.

Sikuimba ubeti wa pili. Ndege walinyanyuka kama vumbi la mahindi yanayopepetwa, wakanijia kichwani wakipiga kelele. Mmoja alinidonoa utosini. Wengine hawakuwa na haja ya kudonoa, walinimwagia kutoka juu, na shabaha yao ni nzuri.

"Fundi, simama hapo hapo! Usinyanyue mguu!"

Alikuwa mwanamke amevaa kofia ya pikipiki na koti la mvua, na hapakuwa na mvua. Huyo ndiye Bi. Mwanahamisi, Afisa Ndege wa Bahari wa wilaya. Ofisi yake ilikuwa na meza na bendera. Usafiri aliahidiwa.

"Kwani kuna nini?" nikauliza.

"Tazama chini ya kisigino chako. Polepole."

Nikatazama. Nikaona kokoto.

"Tazama tena."

Kokoto moja ilikuwa na mdomo. Ilifumbua jicho, ikanitazama kwa dharau, ikafumba.

"Ulikuwa unataka kukanyaga Ngao ya Taifa," akasema.

"Ngao yenyewe ingesema 'piga hodi.'"

"Imekudonoa utosini. Ulitaka hodi gani nyingine?"

Akanivuta mpaka kwenye kivuli cha jiwe la waziri wa pili. Akaniambia hao niliowaona ndio buabua wote waliobaki katika nchi yetu, hakuna kundi jingine. Mayai mengine yalikuwa bado, mengine yameshaanguliwa, na vifaranga hawajaota manyoya ya kurukia. Tingatinga likipita Alhamisi limepita juu ya wote, na wazazi hawatarudi tena pwani hii.

"Mwambie Waziri jiwe halijakauka," akasema. "Mwezi na kitu tu. Wakisharuka, nitakubebea tofali mimi mwenyewe."

"Bi. Mwanahamisi," nikamwambia, "mimi sizungushi maneno. Mwezi na kitu, Waziri atakuwa ameshabadilishwa, na mimi nitakuwa hapa najenga jiwe la tano. Wewe unaogopa ndege wasiote manyoya. Mimi naogopa kufa bila kufika kwenye linta. Ndege wana mabawa, watafute pengine."

"Wameshatafuta pengine, Fundi. Pengine ndipo hapa."

Nilichanganya saruji, nikajenga jiwe la nne pembeni karibu na lango. Nilijenga vizuri sana, kama mtu aliyekasirika.

*

Kesho yake nilikwenda kwa Mkurugenzi wa Uratibu, Bwana Semkiwa, kuchukua maneno ya kuchonga kwenye jiwe. Nikamkuta Bi. Mwanahamisi ameshafika, bado ana kofia ya pikipiki mkononi.

"Mkurugenzi, buabua wako kiwanjani."

"Hapana," akasema Bwana Semkiwa kwa upole, kama daktari. "Buabua wako kisiwani. Kisiwa kimetengwa kwa ajili yao."

"Kisiwani wamebaki paka."

"Paka wale wana kibali. Hawa wa kiwanjani wana kibali?"

"Ni ndege, Mkurugenzi."

"Bi. Mwanahamisi, tusichanganye mambo. Kama hawa ni buabua, wameondoka kituo chao cha kazi bila ruhusa. Kama si buabua, ni wavamizi wa eneo la serikali. Chagua unalotaka, lakini kwa vyovyote vile wana kosa. Na serikali yetu ni sikivu. Hatuwezi kumwondoa mvamizi bila kumpa notisi."

Basi akatumwa Afisa Ardhi na kopo la rangi nyekundu, akaweke alama ya X kwenye kila yai, kama tunavyowekewa kwenye nyumba zetu barabara ikitaka kupita. Aliingia kiwanjani amevaa shati jeupe na tai. Sisi nje ya mabati tulisikia kelele za ndege, halafu kelele za afisa, halafu kopo likianguka. Alipotoka, X pekee iliyoonekana ilikuwa kwenye shati lake, mgongoni, na hakuna aliyeelewa aliipataje. Akaandika kwamba notisi imepokelewa.

Usiku ule nilimsimulia Mama Saumu nikitegemea atacheka. Alicheka kidogo, halafu akauliza, "Na vile vifaranga, vikipitiwa, vitalia?"

"Nitajuaje?"

"Si utakuwepo?"

Wanawake wengine huuliza maswali kama kisu cha jikoni, kidogo tu, lakini kila siku kimenolewa.

*

Alhamisi ikafika. Maturubai yalifungwa, viti vikapangwa, vile vya mbele vikavalishwa vitambaa. Tingatinga lilisimama nje ya lango, limeoshwa na kufungwa utepe kwenye pua, dereva juu yake amevaa suti. Mgeni rasmi alitakiwa kufika saa tatu. Saa tano kwaya ilikuwa imeimba wimbo wa buabua anayelima mara nyingi kiasi kwamba mimi mwenyewe nilianza kumwona na jembe.

Watu wale wote walikuwa wamewatimua ndege juu. Wazazi walizunguka hewani wakipiga kelele, hawathubutu kushuka, na chini jua lilikuwa linapiga kokoto hadi hewa inacheza. Bi. Mwanahamisi alikuwa amevua mtandio wake, ameinama ameutandaza juu ya kokoto kuyatilia mayai kivuli. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti: "Tunamwomba yule mama anayeanika nguo arudi kwenye kiti chake. Kufua kuna siku yake." Watu wakacheka. Yeye hakugeuka.

Mimi nilisimama kando ya jiwe langu na mwiko uliofungwa utepe, tayari kumkabidhi Waziri. Karai nilikuwa nimelipindua chini, ukingo mmoja juu ya tofali. Nikainama nilichukue. Chini yake kulikuwa na vifaranga wawili. Walikuwa wametembea juu ya kokoto za moto, wakaingia kwenye kivuli cha karai, na walikuwa wamebanana, midomo wazi, wanahema. Hawakulia. Nilitamani walie. Mtu akilia unaweza kumwambia nyamaza.

Nikalirudisha karai kama lilivyokuwa.

Waziri akafika. Akatoa salamu kwa wote waliostahili, kuanzia wakuu, manaibu wao, wasaidizi wa manaibu na wenza wao, mpaka wawakilishi wa waliotuma udhuru. Kisha akahutubia.

"Ndugu wananchi! Serikali haitalala mpaka buabua wa mwisho awe na ofisi! Hapa patajengwa ghorofa mbili, zenye ukumbi, mgahawa na maegesho. Buabua ametutumikia kwenye Ngao kwa miaka mingi bila likizo. Leo tunamwambia: mzee, karibu nyumbani!"

Hapo buabua mmoja alipita chini na kumwagia koti la Mheshimiwa, begani. Mshereheshaji akasema ni shukrani.

Ikafika zamu yangu. Kwa desturi, fundi humkabidhi mgeni rasmi mwiko, mgeni huuliza mbele ya kipaza sauti, "Fundi, jiwe hili ni imara?" na fundi hujibu, "Ni imara, Mheshimiwa." Nimejibu hivyo maisha yangu yote. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali jingine.

"Fundi, jiwe hili ni imara?"

Dereva wa tingatinga akawasha mashine, ajiandae. Ardhi ikatetemeka kidogo, na karai langu likatetemeka juu ya tofali. Nikatazama mwiko mkononi mwa Waziri. Nyuma yake nikaliona jengo langu lote: kuta, milango, madirisha, na juu ya madirisha linta yangu, imenyooka.

"Ni imara, Mheshimiwa," nikasema. Kisha nikausogelea mdomo wa kipaza sauti. "Ni imara kupita kiasi. Mimi sikusoma, mtanisamehe. Nilivyosikia ni la ndege wa Ngao ya Taifa, nilijua moja kwa moja hili ni la Mkuu wa Nchi mwenyewe. Nikalijenga kwa kimo chake."

Nimewahi kusikia kimya cha msiba na kimya cha mtihani. Kile kilikuwa kingine. Kwaya ilifunga midomo. Waziri alikuwa ameshainua mwiko wenye saruji, na mkono ukabaki hewani. Nilimwona anawaza. Akiweka jiwe, kesho mtu atauliza kwa nini alikalia kiti kisicho chake. Akisema Mkuu hakukusudiwa kuja, basi atakuwa amesema hadharani kwamba Mkuu hafai kwa jiwe hili. Saruji ikaanza kudondoka kwenye kiatu chake.

Bwana Semkiwa akawahi kwenye kipaza sauti, jasho linamtoka. "Fundi huyu..." akaanza, halafu na yeye akaona anapoelekea, akasimama.

"Fundi huyu," akamalizia Waziri kwa sauti kubwa, "ametoboa siri mapema! Ndiyo, ndugu wananchi! Mimi leo nimekuja kukagua maandalizi tu!" Akanirudishia mwiko haraka kama mtu aliyeshika mpini wa sufuria ya moto. "Kuanzia sasa hapa asiingie mtu! Asikanyage mtu! Kokoto hizi zibaki kama zilivyo mpaka Mkuu atakapofika! Na hiyo mashine izimwe, itachafua hewa ya Mkuu!"

Makofi yalipigwa mpaka maturubai yakapepea. Tingatinga likarudi kinyumenyume, na suti yake, na utepe wake. Viti vikabebwa, watu wakaondoka upesi, kila mmoja akiogopa kuonekana amekanyaga.

Bi. Mwanahamisi alibaki ameinama. Nikalinyanyua karai taratibu. Kifaranga mmoja alikuwa hai, anapepesa. Yule wa pili alikuwa ameshalala upande. Tukatoka nje ya mabati. Buabua wakaanza kushuka, mmoja mmoja, kila mmoja kwa wake.

"Fundi," akasema baadaye, anakunja mtandio, "umejinyima jengo lako."

"Najua. Usinikumbushe."

*

Ikulu ilijibu baada ya muda. Jibu lilisomwa kwenye redio na mshereheshaji yule yule: Mkuu wa Nchi amefurahi kusikia habari za jiwe, na atakuja kuliweka, ratiba ikiruhusu.

Nchi yetu ina sheria nyingi za kuhifadhi wanyama, lakini sijaona inayofanya kazi kama maneno hayo mawili. Kiwanja kimewekewa askari langoni, zamu usiku na mchana, kuhakikisha hakuna anayekanyaga kokoto za Mkuu. Paka akionekana karibu anafukuzwa. Boti zimekatazwa kupiga honi. Taa za hapo ufukweni zimezimwa ili zisije zikaungua kabla ya siku yenyewe. Mwaka jana buabua walirudi wengi zaidi, na mwaka huu wamejaa hadi juu ya mawe ya mawaziri, ambayo sasa ni meupe bila mimi kuyapaka chokaa. Mheshimiwa Dokta Kalikawe alipewa nishani kwa kuongeza buabua wa kisiwa cha Nyungwi. Bi. Mwanahamisi ameingizwa kwenye Kamati ya Mapokezi. Usafiri bado ameahidiwa.

Mama Saumu aliposikia nilichofanya alinitazama. "Kwa hiyo umejiachisha kazi kwa mdomo wako mwenyewe?"

"Nimejiachisha."

"Haya. Nawa mikono, ule." Na siku hiyo kulikuwa na samaki mkubwa.

Mimi naendelea na mawe. Majirani bado wananiita Fundi Kisigino, na linta ya serikali sijaigusa mpaka leo. Lakini kila Ijumaa nikipita pale kwenye mabati husimama kidogo nikawasikiliza wakigombana kwa ajili ya samaki. Halafu namwombea Mkuu wetu kwa moyo wote: Mungu ampe afya njema, maisha marefu, na ratiba iliyojaa.